Deni la Faini na Leseni ya Udereva: Sera Ipi Ichaguliwe?

Serikali inaweza kumnyang'anya mtu leseni ya udereva kwa sababu mbili ambazo mara nyingi huchanganywa katika mjadala. Ya kwanza ni uendeshaji wake: ameshika usukani akiwa amelewa, amekimbiza basi lenye abiria kupita kiasi, au amejeruhi na kuua kwa uzembe. Ya pili ni deni: aliandikiwa faini, muda wa kulipa ukapita, naye hajalipa. Ulinganisho huu unahusu sababu ya pili peke yake, kwa kuwa ndiyo inayozitenganisha serikali mbalimbali, na kwa kuwa nchi zetu zinazidi kuhamishia faini kwenye mifumo ya kielektroniki ambayo si kazi kubwa kuiunganisha na kumbukumbu za leseni. Kabla ya kuunganisha, ni vema tukaangalia waliotangulia wamevuna nini.

Kipimo nitakachotumia ni swali moja: ni wakati gani mdaiwa anaulizwa kama ana uwezo wa kulipa? Asiyeweza kulipa na asiyetaka kulipa wote huonekana sawasawa kwenye kompyuta ya serikali, maana wote wana deni lililopitwa na muda, lakini dawa ya mmoja si dawa ya mwingine. Mahakama Kuu ya Marekani ililisema jambo hili mwaka 1983 katika kesi ya Bearden dhidi ya jimbo la Georgia, ilipoamua kwamba mtu aliyeachiwa kwa masharti hawezi kupelekwa gerezani kwa sababu tu hajamaliza faini, bila mahakama kuchunguza kwanza kama alishindwa au alikaidi. Kesi hiyo ilihusu gereza na haikugusa leseni, na ndiyo maana majimbo mengi yaliendelea kwa miaka mingi kufungia leseni bila kuuliza lolote.

Kufungia leseni bila kuuliza: Virginia na Texas

Jimbo la Virginia lilikuwa na sheria iliyofanya leseni ifungwe yenyewe pale mtu aliyetiwa hatiani aliposhindwa kulipa faini na gharama za mahakama ndani ya muda uliowekwa. Sheria hiyo haikujali kama kosa lenyewe lilihusu barabara, kwa hiyo mtu aliweza kupoteza leseni kwa deni la kesi ambayo haikuwa na gari ndani yake. Hakimu hakutakiwa kupima kipato cha mtu, na mdaiwa hakuitwa kueleza hali yake kabla ya adhabu kuanza. Mwezi Desemba 2018 Jaji Norman Moon wa mahakama ya shirikisho alizuia kwa muda sheria hiyo isitumike dhidi ya waliofungua kesi, kwa kuona kwamba walikuwa na nafasi nzuri ya kuthibitisha kuwa inakiuka haki ya kusikilizwa.

Texas ilikwenda mbali zaidi, nami nakaa hapo kidogo kwa sababu mfano wake unaonyesha vizuri jinsi deni linavyoweza kujizalisha. Mwaka 2003 jimbo hilo lilianzisha mpango wa tozo za ziada kwa madereva, zilizolipwa kila mwaka kwa miaka mitatu juu ya faini ambayo mahakama ilikwishatoza. Aliyekamatwa akiendesha bila bima alidaiwa dola 250 kwa mwaka, yaani dola 750 kwa miaka mitatu, nje ya faini yenyewe. Aliposhindwa kulipa, leseni ilifungwa. Akikamatwa anaendesha na leseni iliyofungwa, kosa hilo nalo lilikuwa na tozo yake ya dola 250 kwa mwaka kwa miaka mitatu. Mtu ambaye mwaka uliotangulia alishindwa kupata pesa ya bima sasa alidaiwa dola 500 kwa mwaka, na bima bado hakuwa nayo. Mpango ulipofutwa, kuanzia tarehe 1 Septemba 2019, watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamepoteza haki ya kuendesha kwa ajili ya tozo hizo.

Kwa nini jimbo liling'ang'ania mpango wa namna hiyo kwa miaka 16? Sehemu ya jibu ni kwamba fedha zake zilielekezwa kwenye hospitali zinazopokea majeruhi, na hakuna mbunge aliyetaka kuonekana anazinyima hospitali hizo fedha. Hilo ni onyo kwa nchi yoyote: faini ikishawekewa bajeti yake, kuiondoa kunakuwa kugumu hata pale kila mtu anapoona madhara yake.

Wanaotetea njia hii wana hoja, na haifai kuipuuza. Kufungia leseni ni rahisi kwa serikali, hakuhitaji dalali wala askari wa kubisha hodi, na kwa mtu mwenye uwezo anayedharau faini, tishio la kupoteza leseni humfanya alipe kesho yake. Tena wapo wananchi wanaolipa faini zao kwa wakati, hata kwa kujibana, na wanastahili kuona kwamba wakaidi hawaachwi. Tatizo ni kwamba chombo hiki hufanya kazi kwa asiyetaka peke yake. Kwa asiyeweza hakizalishi pesa, bali humwondolea njia ya kuipata. Katika miji mingi ya Marekani hakuna daladala wala basi linalofika kiwandani saa kumi usiku, na Waswahili waliohamia huko, wakiwamo wakimbizi kutoka Kongo wanaofanya kazi za zamu kwenye viwanda vya nyama na maghala, wanalijua hili vizuri. Asiye na leseni huchagua kati ya kuacha kazi na kuendesha kwa kujificha, na wengi huchagua la pili kwa sababu watoto hawasubiri.

Ipo pia hoja ya usalama, ambayo ndiyo iliyonishawishi zaidi. Chama cha wasimamizi wa leseni na magari cha Amerika Kaskazini, AAMVA, ambacho wanachama wake ndio hao hao wanaofungia leseni, kilitoa mwongozo mwaka 2013 kikizitaka serikali ziache kufungia leseni kwa mambo yasiyohusu uendeshaji. Sababu yake ni ya kikazi: askari wanapotumia saa zao kushughulika na watu waliofungiwa kwa madeni, wanabaki na muda mdogo kwa madereva wa hatari, na leseni iliyofungwa haimwambii tena askari kwamba aliyemsimamisha ni mtu hatari barabarani.

Kutenganisha deni na leseni: California, Virginia mpya na New York

California iliacha kufungia leseni kwa faini ambazo hazijalipwa kwa sheria ambayo Gavana Jerry Brown aliitia saini Juni 2017. Hali iliyokuwapo inaeleweka vizuri kwa kutazama hesabu ya tiketi moja. Faini ya msingi ya dola 100 ilipandishwa na tozo za jimbo, za wilaya na za mahakama mpaka ikakaribia dola 490, na aliyechelewa aliweza kuongezewa dola 300 nyingine. Aliyevunja sheria kwa kiasi cha dola 100 alijikuta anadaiwa karibu dola 800. Mwaka 2022 nyongeza hiyo ya kuchelewa ilishushwa isizidi dola 100.

Hata hivyo California iliacha pengo ambalo kila mtunga sheria anapaswa kulijua. Sheria ya 2017 iliondoa adhabu ya kushindwa kulipa, lakini haikuondoa adhabu ya kutofika mahakamani siku ya wito, na mtu asiye na pesa mara nyingi hafiki kwa sababu hiyo hiyo, akidhani atawekwa ndani pale pale. Kwa hiyo wengi walifungiwa leseni kwa mlango wa pili, ikabidi sheria nyingine ipitishwe mwaka 2022 ili kuufunga mlango huo nao.

Virginia ilifuata mwaka 2019, kwa njia ya marekebisho ya bajeti yaliyopendekezwa na Gavana Ralph Northam baada ya muswada wa kawaida kukwama bungeni, na mwaka 2020 jambo hilo likawekwa katika sheria ya kudumu. Watu zaidi ya 600,000 walihusika. New York iliingia katika kundi hilo kwa sheria iliyosainiwa siku ya mwisho ya mwaka 2020, nayo iliongeza kitu ambacho wengine hawakukiweka wazi: mdaiwa ana haki ya kulipa kwa awamu, kwa dola 25 kwa mwezi au asilimia mbili ya kipato chake cha mwezi, ipi iliyo kubwa. Kwa anayepata dola 2,000 kwa mwezi, asilimia mbili ni dola 40, na hiyo ndiyo atakayolipa.

Kutenganisha deni na leseni si kusamehe deni. Serikali bado inaweza kukata mshahara, kuzuia marejesho ya kodi, au kulipeleka deni kwa wakusanyaji. Udhaifu wa njia hii upo kwa mkaidi mwenye fedha ambaye mali yake haionekani, maana yeye ndiye pekee aliyekuwa akiiogopa leseni kufungwa. Katika nchi yenye kumbukumbu nzuri za kodi na mishahara udhaifu huo ni mdogo, lakini katika nchi ambayo watu wengi wanajiajiri na hulipwa mkononi ni mkubwa zaidi, na msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa asiupite haraka.

Ngazi yenye mlango wa kutokea: New South Wales

Jimbo la New South Wales nchini Australia halikuacha kufungia leseni. Chini ya Sheria ya Faini ya 1996, asiyelipa hupata notisi, kisha ukumbusho, kisha gharama ya utekelezaji, na baada ya hapo leseni husimamishwa. Akiendelea kutolipa, leseni inaweza kufutwa kabisa, usajili wa gari ukaondolewa, na mali au mshahara ukaguswa. Historia ya ukali huu ina upande ambao wengi hawaujui. Mwaka 1987 kijana mmoja aliyefungwa kwa faini ambazo hakuzilipa alipigwa vibaya na mfungwa mwenzake katika gereza la Long Bay, akapoteza fahamu, na hasira ya umma ikailazimisha serikali kutafuta njia nyingine badala ya jela. Kunyang'anya leseni kulichukuliwa kuwa ndiyo huruma. Baadaye ikaonekana kwamba huruma hiyo nayo ina waathirika wake, hasa Waaborigine wa vijiji vya mbali wasio na usafiri mwingine, ambao walifungiwa leseni kwa faini, wakakamatwa wakiendesha, na wengine wakaishia gerezani kwa kosa hilo la pili.

Jibu la jimbo hilo ndilo jambo ninaloliona bora kuliko yote katika ulinganisho huu. Kuanzia 2009 kwa majaribio, na kwa kudumu kuanzia 2011, mtu mwenye ulemavu, ugonjwa wa akili, uraibu mkubwa, asiye na makazi au aliye katika dhiki kubwa ya kifedha anaweza kulipunguza deni lake kwa kazi za kujitolea, mafunzo, ushauri nasaha au matibabu. Maombi hupitia kwa mdhamini, ambaye ni shirika lililoidhinishwa au mhudumu wa afya, kwa hiyo serikali haihitaji kuajiri wasimamizi wapya kila kijiji. Kwa kiwango cha dola 50 za Australia kwa saa, deni la dola 1,000 humalizika kwa saa 20. Maombi yakikubaliwa, leseni iliyosimamishwa inaweza kurudishwa hata kabla ya saa hizo kwisha. Pia anayepokea msaada wa serikali anaweza kuomba faini yake ipunguzwe nusu.

Hapa asiyeweza anaulizwa, na anapewa kitu cha kufanya. Dosari iliyobaki ni kwamba anaulizwa baada ya kujitokeza mwenyewe, ilhali wanaohitaji mlango huo zaidi ndio wasiosoma barua, waliohama makazi, au wanaoogopa ofisi. Bila mashirika ya msaada wa kisheria yanayowafuata watu waliko, mpango mzuri hubaki kwenye makaratasi.

New Zealand, jirani yao, ilianza mwaka 2014 kutumia amri ya kusimamisha leseni kwa faini za barabarani peke yake, baada ya onyo la siku 14, na amri huondolewa mdaiwa anapolipa au anapopanga namna ya kulipa. Kubana eneo la adhabu namna hiyo ni jambo la maana, maana angalau leseni haiguswi kwa deni la kosa lisilohusu barabara kama ilivyokuwa Virginia.

Kuzuia kuhuisha: Afrika Kusini

Mfumo wa Afrika Kusini unaojulikana kwa kifupi cha AARTO hauanzi kwa kufungia leseni. Anayelipa ndani ya siku 32 hupata punguzo la asilimia 50, asiyelipa hutumiwa barua ya kumkumbusha, na akinyamaza hutolewa amri ya utekelezaji inayomzuia kuhuisha leseni yake au kulipia leseni ya gari mpaka amalize deni. Mwezi Julai 2023 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliamua kwamba sheria hiyo haivunji katiba.

Kuzuia kuhuisha ni laini kuliko kufungia, kwa sababu mtu hapotezi leseni katikati ya mwezi, lakini kuna hatari ya kushtukizwa: deni la siku nyingi linaibuka siku anapokwenda dirishani. Kilicho cha thamani zaidi kwetu katika mfumo huo ni kwamba aliyepata notisi anaweza kulipa kwa awamu, kuwasilisha utetezi kwa maandishi, au kumtaja dereva aliyekuwa akiendesha siku hiyo. Haki hiyo ya mwisho ni ya lazima popote faini inapofuata namba za gari.

Ipo pia njia ya kuanzia kwenye faini yenyewe, kama Finland, ambako tangu 1921 faini za makosa makubwa hupimwa kwa kipato cha siku cha mkosaji. Mwaka 2002 Anssi Vanjoki, aliyekuwa mkurugenzi katika kampuni ya Nokia, alitozwa euro 116,000 kwa kuendesha pikipiki kwa kilomita 75 kwa saa penye kikomo cha 50, na baadaye kiasi hicho kilipunguzwa kwa kuwa kipato chake kilikuwa kimeshuka. Njia hii inapunguza tangu mwanzo idadi ya wasioweza kulipa, lakini inategemea taarifa za kodi za kila mtu, na kwa nchi zetu za leo sioni namna ya kuitekeleza.

Uchaguzi kwa Tanzania na Kenya

Nchini Tanzania, leseni kufungiwa bado ni adhabu ambayo watu huihusisha zaidi na uendeshaji wa hatari, hasa wa madereva wa mabasi, na hilo ni jambo zuri la kulindwa. Faini zetu ni za kiwango kimoja: shilingi 30,000 kwa kosa zimezoeleka kwa magari, na kuanzia bajeti ya 2021/22 waendesha bodaboda na bajaji walishushiwa hadi 10,000. Kenya nayo, kwa kanuni za 2016, iliweka viwango kwa kila kosa dogo, ambapo aliyezidisha mwendo hutozwa kati ya shilingi 500 na 10,000 za Kenya kulingana na alivyozidisha.

Kiwango kimoja huonekana cha haki mpaka mtu atazame kijana wa bodaboda wa Mbagala ambaye kila jioni anatakiwa kumpelekea tajiri hesabu ya siku. Kwake 10,000 ni karibu hesabu ya siku nzima, na akiandikiwa mara tatu kwa wiki anakuwa amefanya kazi kwa ajili ya faini na tajiri, bila chochote cha kupeleka nyumbani. Akifungiwa leseni kwa deni hilo, pikipiki itarudishwa kwa tajiri na kupewa mwingine, na serikali haitaipata pesa yake.

Jambo la pili la kwetu ni namba za gari. Yeyote aliyenunua gari la mkononi anajua kwamba kabla ya kukabidhi pesa ni busara kuingiza namba kwenye mfumo wa faini wa polisi, maana deni la aliyeuza hubaki kwenye gari. Mfumo unaolibebesha gari deni hauwezi kwa haki kufungia leseni ya mtu, kwa kuwa haujui nani alikuwa kwenye usukani. Mwenye teksi tatu anaweza kufungiwa leseni yake kwa makosa ya madereva watatu, na mama aliyemwazima mdogo wake gari kwa safari ya msiba akajikuta hana leseni.

Kwa hiyo, kama uchaguzi ungekuwa wangu, nisingechukua njia ya kufungia leseni bila kuuliza kwa hali yoyote, hata kwa majaribio, kwa sababu Texas imeonyesha kwamba majaribio yanayoingiza fedha hayafi kirahisi. Ningeanza na mambo mawili ya Afrika Kusini, yaani punguzo kwa anayelipa mapema na haki ya kumtaja dereva. Ningeongeza haki ya kulipa kwa awamu kama ya New York, ambayo katika nchi zilizozoea kutuma pesa kwa simu ni rahisi kuliko hata huko ilikotoka: namba moja ya malipo, ikikubali shilingi 2,000 kwa wiki, inatosha. Kwa wasio na chochote ningechukua kazi za kujitolea za New South Wales, zikidhaminiwa na hospitali za wilaya, mashirika ya dini na ofisi za kata, kwa masharti kwamba zisigeuzwe kuwa kazi za bure za viongozi.

Leseni ningeibakiza kwa mkaidi mmoja tu: yule ambaye hakimu amemwita, akamsikiliza, akaridhika kwamba anaweza kulipa na hataki. Idadi yao haitakuwa kubwa, na ndiyo sababu mahakama zitawamudu. Sheria iseme pia deni la kosa gani linaweza kufika huko, ikijibana kwenye makosa ya barabarani kama New Zealand, na itaje kwamba kutofika mahakamani kwa mara ya kwanza hakutoshi kumfungia mtu.

Lipo na suala la kurudishiwa, ambalo watunga sheria hulisahau. Virginia ilipofungua leseni za watu wake mwaka 2019, iliwaondolea pia ada ya kurejeshewa leseni, dola 145, waliokuwa wamefungiwa kwa deni peke yake, kwa sababu aliyekosa pesa ya faini angekosa na ya ada. Muswada wowote utakaoandikwa kwetu uwe na kifungu hicho, na utaje siku ambazo ofisi inayotunza leseni itatakiwa kuifungua baada ya deni kulipwa au kupangiwa awamu. Mimi ningependekeza siku mbili za kazi, kwa kuwa malipo yenyewe huonekana kwenye mfumo ndani ya dakika.